Kwa Nini Waisraeli Walikatazwa Kula Damu

Jumamosi moja jioni, mtaani Free Area, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Nairobi, watu wanne walisimama mbele ya duka la nyama wakingoja mutura iive. Msomaji asiyeijua mutura na afahamu kwamba ni utumbo wa mbuzi au wa ng'ombe uliosafishwa, ukajazwa nyama iliyokatwakatwa pamoja na damu, chumvi na viungo, kisha ukachomwa juu ya makaa. Harufu yake humwita mtu toka mbali, hasa siku za mwisho wa mwezi.

Mtu wa kwanza alinunua kipande, akamkaribisha jirani yake aliyevaa kilemba cheupe cha Wakorino. Huyo alikataa kwa upole, akasema, "Ahsante, ndugu yangu, lakini damu imekatazwa." Mzee mmoja Mtugen, aliyekuwa ameegemea fimbo yake, akacheka. "Mimi nilinyweshwa damu na maziwa tangu utoto wangu, na nilipotahiriwa nikapewa tena ili nipate nguvu. Nitazameni. Je, nimelaaniwa?" Kijana mmoja Mwislamu, ambaye kazi yake ni kuchinja, akasema kwamba hata katika dini yake damu ni haramu. Yule aliyenunua akaudhika, akawauliza kama wote wamwona yeye kuwa mtu najisi. Maneno yakaanza kupanda.

Ndipo mzee akatia swali lililowanyamazisha wote. "Ninyi nyote, vijana wangu, mwasema imekatazwa. Na huyo aliyekataza, alitoa sababu gani?" Hakuna aliyejibu, ila mmoja tu aliyesema, "Imeandikwa, Mzee."

Mwandishi wa habari hii alikuwapo, wala yeye naye hakuwa na jibu, ijapokuwa alisoma katika shule ya misheni na kuyakariri majina ya vitabu vyote vya Agano la Kale. Tulifundishwa kwamba sheria ya damu ipo. Kwa nini ipo, hatukuuliza. Basi usiku ule nilifungua Biblia, nikasoma mahali pote nilipojua kwamba damu yatajwa. Haya yafuatayo ni jibu la swali la mzee yule, na huenda likawafaa wengine wanaokaa, kama sisi, katika mitaa ambayo kila jirani ana desturi yake.

AMRI ILIYOMTANGULIA MUSA

Wengi hudhani kwamba katazo la damu lilianza na Musa jangwani. Sivyo. Twalikuta kwanza katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, baada ya gharika. Katika sura ya 1 mwanadamu alipewa mimea yenye mbegu na matunda ya miti kuwa chakula chake, wala nyama haikutajwa. Nuhu alipotoka katika safina ndipo ruhusa ya kula nyama ilipotolewa, nayo ilitolewa pamoja na mpaka mmoja: mtu asile nyama ikiwa ingali na uhai wake, yaani damu yake. Papo hapo likafuata neno jingine, kwamba damu ya mwanadamu itadaiwa kwa kila aimwagaye, awe mnyama au awe mtu. Maneno hayo mawili yamewekwa bega kwa bega, nasi tutayarudia kabla ya kumaliza.

Sheria yenyewe imeelezwa kwa urefu katika Mambo ya Walawi, sura ya 17. Hapo Mwisraeli, na hata mgeni akaaye kati ya Waisraeli, akatazwa kula damu ya aina yo yote, na avunjaye amri hiyo hutengwa na watu wake. Kisha sababu yatolewa, nayo ina sehemu mbili. Ya kwanza, uhai wa kila kiumbe umo katika damu yake. Ya pili, Mungu ameiweka damu hiyo kwa kazi moja, nayo ni kufanya upatanisho juu ya madhabahu kwa ajili ya nafsi za watu.

Hapa ndipo lilipo jibu la mzee wetu. Nguruwe alikatazwa kwa kuwa alihesabiwa kuwa najisi. Damu ilikatazwa kwa kuwa ina thamani kupita vyakula vyote. Nyama yaweza kuwa ya mtu, lakini uhai ni wa Mwenyezi Mungu aliyeutoa. Mchinjaji ni kama karani aliyekabidhiwa sanduku la fedha za Serikali. Mshahara wake ni halali yake, naye aweza kuutumia apendavyo; lakini fedha zilizomo sandukuni si zake, wala hawezi kutia mkono humo eti kwa sababu ufunguo uko mfukoni mwake.

MANENO TUTUMIAYO KILA SIKU

Yafaa tukumbuke kwamba sisi tusemao Kiswahili tunayatamka maneno ya sheria hii kila siku pasipo kujua. Neno letu "damu" latoka katika Kiarabu, nacho Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania, ambamo damu huitwa "dam". Neno "nafsi" ni la ukoo mmoja na "nefesh" la Kiebrania, na hilo ndilo neno litumikalo katika sura ile ya 17 kwa uhai uliomo katika damu. Kwa hiyo Mwisraeli aliposikia sheria ikisomwa, alisikia kwamba katika damu ya mbuzi imo nafsi ya mbuzi.

Neno "madhabahu" nalo lina siri yake. Shina lake, katika Kiarabu na katika Kiebrania pia, ni kuchinja. Madhabahu, kwa asili ya neno, ni mahali pa kuchinjia. Siku hizi machinjio yako upande mmoja wa mji na nyumba ya ibada upande mwingine. Kwa Waisraeli wa kale mambo hayo mawili yalikuwa ni jambo moja.

JINSI WALIVYOCHINJA

Walipokuwa jangwani, kila aliyetaka kuchinja ng'ombe, kondoo au mbuzi alipaswa kumleta mnyama wake penye mlango wa hema ya kukutania. Asiyefanya hivyo alihesabiwa kuwa amemwaga damu, kana kwamba ameua. Kuchinja kwa siri nyuma ya nyumba hakukuruhusiwa.

Mnyama wa sadaka sharti awe mzima, asiye na kilema. Kipofu, kiwete au mwenye ugonjwa wa ngozi alikataliwa. Wala mtu asingeweza kumpa Mungu mnyama yule ambaye yeye mwenyewe alikuwa akitafuta njia ya kumwondoa zizini. Mwenye mnyama aliweka mkono wake juu ya kichwa chake, ili iwe dhahiri kwamba huyu ni wake na kwamba atakufa kwa ajili yake. Katika sadaka ya kuteketezwa, kama isemavyo sura ya 1 ya Mambo ya Walawi, yeye mwenyewe ndiye aliyemchinja. Lakini damu ilipotoka, kazi yake ilikoma hapo. Kuhani ndiye aliyeipokea na kuinyunyiza pande zote za madhabahu. Mwenye mnyama hakuigusa tena.

Sadaka hazikuwa za namna moja. Sadaka ya kuteketezwa iliungua yote. Katika sadaka ya amani mafuta yaliteketezwa, kidari na paja la kulia vikawa vya makuhani, na nyama iliyobaki ikaliwa na mwenye sadaka pamoja na watu wake katika siku zilizowekwa. Wasomaji wetu waliokulia vijijini hawatashangaa, kwa maana kwetu pia mbuzi wa shughuli ana mafungu yake: hili la wazee, hili la kina mama, hili la vijana.

Wala maskini hakusahauliwa. Asiyeweza kuleta kondoo aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Katika sadaka ya dhambi, aliyeshindwa hata kupata ndege alileta unga tu, usio na damu kabisa, naye akasamehewa vile vile. Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto Yesu hekaluni walitoa sadaka ya ndege, na kwa hiyo twafahamu kwamba nyumba yao haikuwa ya matajiri.

MTU ALIYE MBALI NA MADHABAHU

Waisraeli walipokaribia kuingia katika nchi ya Kanaani, na makao yao yakawa yatapanuka, ilionekana kwamba si kila mtu ataweza kusafiri siku nyingi kila atamanipo nyama. Kwa hiyo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 12, waliruhusiwa kuchinja katika miji yao wenyewe. Mahali palibadilika, lakini damu haikuachiliwa: ilipaswa kumwagwa juu ya ardhi kama maji. Mwindaji naye, akiua mnyama au ndege aliwaye, alipaswa kuimwaga damu yake na kuifunika kwa mchanga, kama mtu azikaye kitu cha heshima.

Iko habari moja katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 14, ambayo yaonyesha jinsi sheria hii ilivyokuwa ngumu wakati wa njaa. Mfalme Sauli aliwaapisha askari wake wasile cho chote mpaka jioni, nao wakapigana na Wafilisti siku nzima. Jioni walikuwa wamechoka mno, hata wakazirukia nyara, wakachinja kondoo, ng'ombe na ndama papo hapo chini, wakala nyama pamoja na damu. Sauli alipopata habari hakuwanyima chakula. Aliamuru jiwe kubwa livingirishwe, na kila mtu alete mnyama wake achinje juu ya jiwe hilo, damu ipate kutoka. Yaani watu wale, hata wakiwa na njaa ya vita, walitakiwa wasimame kidogo na kukumbuka kwamba wanatoa uhai.

Sheria nyingine ndogo ndogo zafuata nia iyo hiyo. Ndama, mwana-kondoo au mwana-mbuzi sharti akae na mama yake siku saba kwanza; tangu siku ya nane ndipo afaapo kwa sadaka. Mnyama na mtoto wake wasichinjwe siku moja. Mwana-mbuzi asitokoswe katika maziwa ya mama yake. Ukiziweka sheria hizi pamoja waona kwamba mtu aliruhusiwa kula nyama, lakini hakuruhusiwa kuwa mkatili.

DESTURI ZA BONDE LA UFA

Sasa na tumrudie mzee wetu Mtugen na kucheka kwake. Wamasai, na makabila ya Wakalenjin pia, tangu zamani walitoa damu kwa ng'ombe aliye hai. Shingo ya ng'ombe hufungwa ukanda wa ngozi mpaka mshipa uvimbe, kisha mshipa hupigwa mshale wenye kizuizi ili usizame. Damu hukingwa katika kibuyu, ukanda ukalegezwa, jeraha likazibwa, na ng'ombe akarudi malishoni. Damu hiyo, peke yake au pamoja na maziwa, ilikuwa chakula cha wagonjwa, cha waliotahiriwa na cha mama aliyejifungua.

Katika sherehe kadha wa kadha za Wamasai, ng'ombe huzibwa pumzi mpaka afe, wala hachinjwi kwa kisu. Wakikuyu nao, walipomwomba Ngai chini ya mti wa mugumo wakielekea Kirinyaga, walichagua kondoo wa rangi moja asiye na kilema, na kwa desturi alizibwa pumzi kwanza ndipo damu yake ichukuliwe. Jomo Kenyatta aliyaeleza mambo ya sadaka hizo katika kitabu chake "Facing Mount Kenya" kilichotolewa mwaka 1938.

Mtu akitazama juu juu ataona tofauti kubwa: Musa alikataza kula damu, wazee wetu waliinywa, Musa alitaka damu itoke, wazee wetu walimziba mnyama pumzi. Lakini akitazama tena ataona mambo yanayofanana. Mnyama wa sadaka awe mzima. Sadaka isitolewe ovyo, bali kwa mkono wa wazee waliokubaliwa. Nyama igawanywe kwa utaratibu. Wamasai wa zamani hawakuchanganya nyama na maziwa, wakiogopa kuwadhuru ng'ombe wao. Mambo hayo yalimshangaza afisa mmoja Mdachi, Moritz Merker, hata katika kitabu chake cha mwaka 1904 akadai kwamba Wamasai na Waebrania wa kale walikuwa watu wa asili moja. Wataalamu hawakuikubali hoja hiyo, na ni haki, maana kufanana kwa desturi si ushahidi wa ukoo. Watu wanaoishi na mifugo, wakiwaona wakizaliwa na kufa kila mwaka, hujifunza pasipo kufundishwa na wageni kwamba damu si kitu cha mchezo.

Damu ilitumika pia kufunga maagano. Musa, chini ya mlima Sinai, aliinyunyiza nusu ya damu juu ya madhabahu na nusu juu ya watu. Hapa kwetu, mwaka 1890, Kapteni Lugard na Waiyaki wa Hinga walifanya undugu wa damu huko Dagoretti. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa na maofisa wa Kampuni ya Waingereza, akafa Kibwezi alipokuwa akipelekwa pwani. Tangu siku hizo watu wetu wanajua kwamba damu ya agano haimfungi mtu ambaye moyo wake haumo.

MITUME NA MATAIFA

Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi, na watu wa mataifa mengine walipoanza kuamini, swali lilizuka: je, nao waishike Torati yote? Mitume na wazee walikutana Yerusalemu, kama isemavyo Matendo ya Mitume, sura ya 15. Waliamua kwamba watu wa mataifa wasitwikwe mzigo wa tohara na sheria nyingine, ila wajiepushe na mambo manne: vitu vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, nyama ya wanyama walionyongwa, na uasherati.

Kwa mkutano ule makanisa hayakuishika hukumu moja. Makanisa ya Magharibi, kadiri Wakristo wa asili ya Kiyahudi walivyopungua, yaliacha kuitazama amri ya damu kuwa inawafunga watu wote. Walikumbuka ya kwamba Paulo aliwaruhusu Wakorintho kula nyama iuzwayo sokoni pasipo kuulizauliza. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia lingali laishika. Wamisionari waliofika kwetu walitoka makanisa mbalimbali, na ndiyo sababu hata leo Wakristo wawili wa mtaa mmoja, wote wenye Biblia moja, mmoja aila mutura na mwingine aikataa. Hakuna hata mmoja aliyeitunga hoja yake mwenyewe. Kila mmoja amepokea.

Wayahudi wenyewe hawatoi sadaka za wanyama tangu Warumi walipolibomoa hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Lakini sheria ya damu waliendelea kuishika nyumbani. Mchinjaji wao ni mtu aliyefundishwa na kupewa ruhusa. Kisu chake kisiwe na pengo hata dogo. Humkata mnyama koo kwa mwendo usiokatizwa. Kisha hukagua mapafu. Nyama hulowekwa katika maji, hupakwa chumvi kwa muda wa saa moja ili damu iliyobaki itoke, ndipo huoshwa na kupikwa. Wasamaria, ambao ni watu wachache sana, wangali wachinja kondoo wa Pasaka kila mwaka katika mlima Gerizimu.

Hata katika Afrika ya Mashariki wako wanaoishika Torati. Jemadari Semei Kakungulu wa Uganda, baada ya kusoma Agano la Kale kwa bidii, alitahiriwa mwaka 1919 pamoja na wanawe, na wafuasi wake wa karibu na Mbale huitwa Abayudaya. Walinyimwa uhuru wa ibada yao katika utawala wa Idi Amin, lakini hawakwisha. Wapo hata leo, nao huchinja kwa sheria hiyo.

Na Waislamu, ambao ndio wachinjaji wa sehemu kubwa ya nyama tulayo, wamekatazwa katika Kurani mzoga, damu iliyomwagika, nyama ya nguruwe na kilichochinjwa kwa jina la asiyekuwa Mungu. Kadhalika Kurani yafundisha kwamba kimfikiacho Mungu katika sadaka ni uchaji wa mtoaji. Nyama na damu hazimfikii.

FAIDA YA AFYA

Wako wasemao kwamba Musa alikataza damu na mzoga kwa ajili ya afya tu. Torati yenyewe haisemi hivyo. Sababu yake ni uhai. Hata hivyo faida ya afya ipo, na wakaaji wa Bonde la Ufa wana haki ya kuifahamu kuliko wengine. Ugonjwa uitwao homa ya Bonde la Ufa ulitambuliwa na wataalamu mwaka 1931, baada ya kondoo kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na ziwa Naivasha. Mbu huueneza, na mtu huupata pia kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja. Ulipozuka tena Kenya mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007, watu zaidi ya 150 walikufa. Kimeta nacho humwingia mtu kwa mzoga na damu. Mwaka 2015 kiliwaua nyati wengi katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, mlangoni petu kabisa. Kwa hiyo mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe wala asipasuliwe, damu mbichi isinywewe, na nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi isinunuliwe, hata bei yake ikiwa nafuu namna gani.

DAMU YA MTU

Nilisema kwamba tutayarudia maneno mawili aliyopewa Nuhu. La kwanza lahusu damu ya mnyama. La pili, lililo ubavuni pake, lahusu damu ya mwanadamu. Kwa fikira zangu, maneno hayo hayakukaribiana kwa bahati. Mtu afundishwaye tangu utoto kwamba hata damu ya mbuzi si yake, kwamba aimwage kwa heshima na kuifunika kwa mchanga, atawezaje kuichezea damu ya jirani yake? Sheria ya mnyama ilikuwa shule ya kumfundisha mtu kumwogopa Mungu katika jambo lililo kubwa zaidi.

Waisraeli walifeli shule hiyo mara nyingi. Nabii Isaya, katika sura yake ya kwanza kabisa, aliwaambia watu wa siku zake kwamba Mungu amechoshwa na sadaka zao, wala haifurahii damu ya mafahali na kondoo, kwa sababu mikono yao wenyewe imejaa damu. Walishika sheria ya kuchinja kwa uangalifu, kisha wakamwonea mjane na yatima.

Sisi tusiwacheke. Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, Tanzania, ugomvi kati ya Wakristo na Waislamu juu ya nani mwenye haki ya kuchinja uligeuka mapigano, na mchungaji mmoja akauawa. Sheria iliyowekwa ili watu waiheshimu damu ikafanywa kuwa sababu ya kuimwaga. Nasi wa Nakuru tuna letu. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini Kenya, na mwishoni mwa Januari 2008 moto ule ulifika Nakuru na Naivasha. Waliouana walikuwa watu wa dini, wengi wao. Baadhi yao, yawezekana, wasingekubali kutia mdomoni kipande kimoja cha mutura.

Torati ina neno kwa mji wa namna hiyo. Katika Hesabu, sura ya 35, imeandikwa kwamba damu ya mtu huitia nchi unajisi. Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, maiti akionekana kondeni wala muuaji asijulikane, wazee walipima umbali mpaka mji ulio karibu zaidi, na wazee wa mji huo wakatoka, wakavunja shingo ya mtamba bondeni penye maji yatiririkayo, wakanawa mikono na kuomba mbele ya makuhani. Hawakusema, "Halituhusu." Damu iliyomwagika karibu na mji ilikuwa deni la mji mzima.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta mzee yuleyule mahali pale pale, nikamweleza niliyoyasoma. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Kumbe," akasema, "hawakuidharau. Sisi tuliinywa kwa kuwa ni uhai, na wao waliiacha kwa kuwa ni uhai." Kisha akamwita yule mwenye kilemba, akamwagizia chai, na yeye mwenyewe akajinunulia mutura yake. Wakaketi katika benchi moja.

Wasomaji wapenzi, si lazima wote tule sahani moja. Anayeila damu asimcheke anayeiacha, na anayeiacha asimhukumu anayeila. Kila mmoja na amwulize mwenzake sababu, kama alivyouliza mzee yule. Lakini iko damu moja ambayo dini zetu zote na mila zetu zote zaikataza kwa sauti moja, nayo ni ile ya jirani. Hiyo na tuishike sote.